Wasomaji wanauliza: Hei hulijaza lori kabla ya kulilemea

Tangu mvua zikatike, barua nyingi zinazotufikia ni za hei, yaani nyasi za mifugo zilizokaushwa na kufungwa marobota (mafurushi): anayetaka kuiuza mbali, aliyeinunua mbali, hata mwenye gari anayetaka kuibeba. Tumechagua sita. Bei zilizomo ni za wasomaji wenyewe au za mfano tu. Ukipiga hesabu yako, weka za kwako.

Dalali ananinyonya?

*Ndugu mhariri, nina marobota 2,000 ya nyasi za Cenchrus, kila moja kama kilo 14. Dalali ananipa shilingi 3,500 kwa robota, bei ya shambani. Dar es Salaam robota hilohilo ni 7,000. Mwenye Fuso la tani 10 anataka 900,000 kunifikishia. Naona nusu ya jasho langu inaliwa na dalali. Nipeleke mwenyewe? – Mfugaji, Kongwa*

Kwa namba hizo, mwachie dalali. Kinachokula pesa yako ni hewa. Hei hulijaza lori kabla ya kulilemea, na wewe unalipia lori zima.

Pima hivi. Chemba ya mashine ya kawaida ya kufunga marobota ina upana wa sm 46 na kimo cha sm 36. Urefu wa robota tuuchukulie sm 90. Hizo ni mita za ujazo 0.149. Bodi ya Fuso yenye urefu wa m 7 na upana wa m 2.4, ukipakia hadi m 2.8 kutoka sakafuni, inatoa mita za ujazo 47. Ukigawanya unapata marobota 315, lakini hei haipangiki kama sabuni kwenye katoni. Ondoa moja ya kumi kwa ajili ya mianya, utabaki na 280. Mara kilo 14 ni kilo 3,920. Umekodi tani 10, umebeba hata 4 hazijafika.

Sasa gawanya 900,000 kwa 280: nauli ni 3,214 kwa robota. Kupakia na kushusha weka 300. Ushuru wa njiani na turubali, 100. Marobota yatakayopasuka au kuloa, asilimia 4 ya bei ya Dar, yaani 280. Jumla 3,894, na tofauti ya bei uliyoiona ni 3,500. Kila robota utakalopeleka litakuacha nyuma kwa shilingi 394 kuliko ungemuuzia dalali, na hapo hujalala nyumba ya wageni ukimsubiri mnunuzi asiyepokea simu.

Sasa dalali anapataje faida? Hakodi lori la 900,000. Anavizia lililopeleka saruji au mabati Dodoma na linarudi Dar tupu. Dereva wa gari la namna hiyo hukubali hata 550,000, kwa sababu mafuta ya kurudi angeyachoma vyovyote. Kwa nauli hiyo robota linabeba 1,964, gharama zote zinakuwa 2,644, na linakuachia 856 juu ya bei ya dalali. Ila angalia kalenda. Hei yenu inakuwa tayari mwishoni mwa mvua, na muda si mrefu mahindi yanaanza kumiminika soko la Kibaigwa. Wakati huo hakuna gari linalotoka upande huo tupu, na mwenye lori hawezi kuacha gunia la mahindi abebe nyasi. Ukiwa na banda la kuhifadhia, subiri mahindi yapungue ndipo utafute gari la kurudi.

Jambo la pili ni uzito wa robota. Lori hilohilo lenye marobota 280 ya kilo 19 linabeba kilo 5,320, na nauli ya kilo moja inashuka kutoka shilingi 230 hadi 169. Nafasi ni ileile, kamba ni zilezile mbili. Lakini faida hiyo utaiona tu ukiuza kwa kilo. Ukiuza kwa idadi, umempa mnunuzi kilo 5 za bure katika kila robota. Elewaneni kwamba 7,000 kwa kilo 14 ni 500 kwa kilo, basi robota la kilo 19 ni 9,500. Nenda na mizani ya kuning'iniza, pimeni marobota 10 mbele ya mnunuzi, mchukue wastani.

Na hapa kuna jambo ambalo wakulima wengi hawalitazami. Mwenye mashine ya kufunga analipwa kwa robota. Akifunga kilo 14, tani moja inampa marobota 71. Akifunga kilo 19, inampa 53. Hana sababu yoyote ya kukaza. Kaa naye shambani, pima marobota matano ya mwanzo, umwambie akaze zile skrubu mbili za kubana zilizo nyuma ya chemba mpaka mzani ukubali. Au mlipeni kwa tani. Usivuke kilo 22 au 23 hata hivyo: kamba zitakatika, na makuli wa kushusha watakudai nyongeza.

Mwisho, kumbuka kwamba Kibaha kuna shamba la serikali la mbegu za malisho, Vikuge, nalo linauza hei. Mnunuzi wa Dar anaweza kuipata hatua chache kutoka mlangoni kwake. Utakachomshinda nacho ni ubora na uhakika wa kupata mzigo kila mwezi. Kwa bei ni vigumu.

Kilo tatu zimeenda wapi?

*Hamjambo wataalamu. Nilinunua marobota 300 ya nyasi za Boma Rhodes kutoka Nakuru. Yaliposhushwa nilipima kumi, wastani ulikuwa kilo 18. Baada ya mwezi mmoja stoo, wastani ni kilo 15. Muuzaji anasema ni maji tu yamekauka. Ni kweli ama nimechezwa? – Mama wa ng'ombe wa maziwa, Kilifi*

Mama, maneno ya muuzaji yenyewe yanamfunga. Hei hupungua uzito ikikauka, lakini kile ng'ombe anachokula, uzito mkavu, hakipungui kwa kukauka. Robota la kilo 15 lenye unyevu wa asilimia 13 lina uzito mkavu wa kilo 13.05. Ikiwa kilichotoka ni maji matupu, basi siku linashushwa kilo hizo 13.05 zilikuwa ndani ya robota la kilo 18, yaani unyevu ulikuwa zaidi ya asilimia 27. Robota dogo linafaa kufungwa likiwa na asilimia 15 hadi 18. Kuanzia 20 ukungu unaanza. Kuanzia 25 hei inachemka yenyewe na inaweza kushika moto. Kwa hiyo ama alikuuzia maji kwa bei ya nyasi, ama sehemu ya hei imeungua polepole kwa joto la ndani. Vyovyote, kosa lilianzia shambani kwake.

Fungua robota moja la katikati ya rundo. Likiwa kahawia, lina harufu tamu kama tumbaku au sukari iliyoungua, lilichemka: ng'ombe atalila kwa hamu, lakini joto limeifunga protini na haimfaidishi sana. Ukilitikisa likatoa vumbi jeupe, huo ni ukungu. Usimpe ng'ombe mwenye mimba, na wewe mwenyewe jifunge kitambaa puani.

Kabla ya kununua tena, fanya kipimo cha chumvi. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa yenye kifuniko, kama ya jamu. Katakata hei kutoka ndani ya robota, si ya juu, ijae nusu. Tia vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika mbili tatu. Chumvi ikianguka chini ikiwa imeachana, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Ikigandamana au kunata kwenye kioo, usipakie.

Na bei ifuate uzito mkavu. Mkikubaliana shilingi 20 za Kenya kwa kilo kwa hei ya asilimia 15, hei ikija na asilimia 22 kilo ni 20 × 78 ÷ 85, yaani 18.35. Muuzaji akijua utapima, ataanika siku moja zaidi, na shida itaishia hapo.

Kwa sasa chomeka nondo katikati ya rundo, iache kwa dakika 20, uivute. Ukiweza kuishika bila shida, lala usingizi. Ikikuunguza mkono, joto limefika karibu nyuzi 60 au limepita: pima kila siku kwa kipimajoto kilichofungwa kwenye waya. Ikigota 70, pima kila saa chache. Kuanzia 80 usianze kuyafumua marobota mwenyewe, kwa sababu hewa ikiingia ndipo moto unapolipuka. Ita zimamoto waje wakiwa na maji tayari. Hatari huwa kubwa zaidi katika wiki sita za mwanzo. Na kwa hewa ya Pwani, weka marobota juu ya mbao, kimo cha kiganja kutoka sakafuni, mbali kidogo na ukuta, la sivyo safu ya chini itanyonya unyevu wa saruji.

Trela linarudi tupu

*Nina semi-trela lisilo na kuta. Hupeleka mzigo Kampala na kurudi Mombasa bila kitu. Mkulima wa Naivasha anataka nimbebee nyasi. Nimtoze ngapi, na nipakieje? – Mwenye gari, Changamwe*

Bei yako ya chini kabisa haihusiani na nauli ya kwenda. Safari ya kurudi imeshalipiwa na mzigo wa Kampala. Hei inapaswa kulipa kile tu inachokuongezea. Tuseme mzunguko wako ni siku 8 na unakuachia shilingi 96,000 za Kenya safi: siku moja ya kusimama Naivasha ni 12,000. Ukiwa na mzigo gari likila lita 5 zaidi kwa kila kilomita 100, kwa kilomita 570 hivi ni lita 29. Kwa dizeli ya 180 ni 5,220. Kuacha lami kuingia shambani, 2,000. Kamba na turubali, 2,500. Jumla 21,720.

Jukwaa la m 12.2 kwa 2.45, likipakiwa m 2.7 juu, linachukua marobota kama 475. Hiyo ni shilingi 46 kwa robota. Chini ya hapo unamsaidia mkulima kwa mfuko wako. Kati ya 46 na nauli ya lori lililokodiwa kwenda na kurudi ndipo penye mazungumzo. Angalia kwamba sehemu kubwa ya gharama ni ile siku. Mwambie mkulima marobota yawe kando ya barabara, yamehesabiwa, na watu sita wakiwa wanasubiri. Akikupotezea siku ya pili, faida yote imekwenda.

Kabla ya kupakia, fagia na uoshe jukwaa. Kama ulibeba klinka (malighafi ya saruji) au saruji, vumbi litaingia kwenye hei na mnunuzi atakataa. Kama ulibeba mbolea ya urea, usifanye mzaha: punje zilizomwagika zikilambwa na ng'ombe kwa wingi zinaua. Ukiwa unarudisha kontena tupu la kampuni ya meli, usitie nyasi ndani bila ruhusa yao ya maandishi; watakutoza usafi.

Panga safu kwa kupishana kama mjenzi anavyopishanisha matofali. Safu ya kwanza urefu wa robota uelekee mbele, ya pili ukate kushoto na kulia, ya tatu irudi kama ya kwanza. Ya kando yote yafinywe kidogo kuelekea ndani. Safu ya juu iwe nyembamba kuliko ya chini yake, ndiyo inayobana zile zingine kamba ikikazwa. Pitisha kamba kila baada ya m 1.2, na pembeni uwekee vipande vya mbao ili isikate marobota. Ondoka, nenda kilomita 25, simama, kaza tena zote. Hei hushuka ikitikisika. Kamba iliyokuwa ngumu Naivasha inaning'inia kabla hujafika Nairobi. Wengi waliomwaga mzigo barabarani waliruka kituo hicho kimoja.

Turubali lifunike juu na mbele. Bomba la moshi lisielekee kwenye mzigo, na utingo asivute sigara juu ya nyasi, hata akilia. Kwenye vijiji tazama nyaya za umeme zilizolegea: sakafu ya m 1.4 na mzigo wa 2.7 ni m 4.1 kutoka chini.

Soko la Ghuba

*Nafanya kazi Maskati. Hapa nyasi zinauzwa ghali na nyingine zinatoka Marekani. Kwetu Tanga ardhi ipo na bahari ni ileile. Kwa nini tusilete sisi? – Msomaji, Maskati*

Swali zuri, na kiu ya nyasi huko ni ya kweli. Saudi Arabia iliamua mwaka 2015 kusitisha kilimo cha malisho mabichi ndani ya miaka mitatu ili kuokoa maji ya ardhini. Kampuni ya maziwa ya Almarai ilikuwa imenunua ardhi Arizona tangu 2014 ili ilime luserni (alfalfa, malisho ya jamii ya mikunde) huko na kuisafirisha. Huko Oman, visima vya pwani ya Batinah vimeingiwa na chumvi.

Kinachokwamisha ni kontena. La futi 40 lenye kimo kirefu lina mita za ujazo kama 76. Ukilijaza marobota ya shambani ya kilo 14, kwa mianya yake, unapata tani 6. Wauzaji wa Marekani hupitisha robota kwenye mashinikizo ya pili, likabanwa hadi kilo 350 au zaidi kwa mita ya ujazo. Kontena lilelile linabeba tani 24 hadi 26. Kontena likigharimu dola 1,200 kwa mfano, wewe unalipa dola 200 kwa tani, mwenzako 48. Na huyo mwenzako ana bahati nyingine: makontena huja Marekani yamejaa bidhaa za Asia na hurudi matupu, kwa hiyo kampuni za meli humpa nafasi ya kurudi kwa bei ya kutupa. Ni hadithi ileile ya lori la saruji la Dodoma, ila hili lina ukubwa wa meli.

Kisha tazama aina ya nyasi. Wengi wa Tanga watakuletea Rhodes, na Rhodes Waomani wanalima wenyewe kule Najd, Dhofar. Inayolipiwa bei ya juu ni luserni ya kijani yenye majani, na majani ya luserni huanguka ukiigeuza jua la mchana. Hugeuzwa alfajiri umande ukiwa bado upo.

Ukitaka kujaribu, anza na mashinikizo, sio na shamba. Bila hayo nauli itakula bidhaa. Ukiyapata: vipimo vya maabara vya protini na nyuzinyuzi kwa kila shehena, unyevu usiozidi asilimia 12 kwa sababu kontena hutoa jasho baharini, kufukiza dawa, na cheti cha afya ya mimea, kinachotolewa na mamlaka ya afya ya mimea: TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya. Mbegu za magugu, hasa Parthenium, zinaweza kurudisha mzigo mzima. Malipo yawe kwa barua ya dhamana ya benki. Hei iliyokataliwa bandarini haina mnunuzi mwingine, na gharama za kontena kukaa zinaendelea kuhesabu kila siku.

Nitunze hadi kiangazi?

*Bei sasa ni 3,500. Nikikaa nayo miezi mitano niuze kwa ngapi nisipate hasara? – Msomaji, Chalinze*

Chini ya bati, sakafu ikiwa kavu, tuchukulie unapoteza asilimia 5 kwa panya, vumbi na safu ya chini: 3,500 ÷ 0.95 ni 3,684. Pesa uliyoilaza, kama ungeikopa kwa asilimia 2 kwa mwezi, ni 350. Banda na mlinzi weka 150. Usiuze chini ya 4,200. Ukiiacha nje bila kufunika, mvua mbili za vuli zinaweza kuharibu robo ya rundo, na hapo 3,684 inakuwa 4,667 kabla ya riba. Turubali la kukodi ni nafuu kuliko hilo, lakini lisigandamane na hei. Acha hewa ipite kati, vinginevyo itatoa jasho chini yake.

Mnunuzi amenigeuka mzigo ukiwa mlangoni

*Tulikubaliana 480 kwa kilo. Lori lilipofika akasema 350, hei ni ya rangi mbaya. Nikakubali kwa sababu dereva alikuwa ananidai. – Msomaji, Handeni*

Alijua dereva anakudai. Ndiyo maana alingoja lori lifike. Safari ijayo usiwashe gari kabla hajatuma malipo ya awali yanayotosha nauli yote ya kwenda na kushusha. Hapo akigeuka, atakuwa amegeukia pesa yake. Mpelekee robota moja la sampuli kwa basi wiki moja kabla, lingine libaki kwako likiwa na saini yake au picha aliyoikubali kwenye simu. Andikeni mambo manne: bei kwa kilo, unyevu wa juu kabisa, rangi na aina ya nyasi kwa mujibu wa sampuli, na nani analipa siku ya pili ya lori kusimama. Na uwe na namba ya mnunuzi wa pili katika mji huohuo, hata kama anatoa 430.